Shamba dogo halifilisiki kwa uhaba wa ardhi

Anayetaka kuanza kilimo hai cha mboga kwenye eneo dogo huuliza kwanza habari za udongo, kisha wadudu, kisha soko. Swali la nani atafanya kazi, na kwa saa ngapi, huja mwisho kabisa, pengine msimu wa pili, mgongo ukishauma na akiba ikishakwisha. Ndiyo maana yako mashamba yanayofungwa yakiwa bado yana mboga nzuri matutani. Udongo haukushindwa wala wateja hawakukimbia; mwenye shamba alichoka, au alipiga hesabu akagundua kwamba kwa saa alizotumia angepata zaidi akilima shamba la mtu mwingine.

Hoja yangu ni kwamba katika shamba dogo la mboga lisilotumia kemikali za viwandani, kinachoanza kupungua ni saa za mikono ya watu. Ardhi huisha baadaye sana, na kwa wengi haiishi kabisa. Lakini mafunzo karibu yote ya kilimo hiki humhimiza mkulima abane ardhi: panda kwa kusongamanisha, vuna, panda tena siku hiyohiyo, tuta lisikae tupu. Anayefuata ushauri huo bila kuhesabu saa anaokoa alichonacho na kumwaga asichonacho.

Chukua tuta la kawaida la kulimwa kwa mkono, urefu mita 30, upana sentimita 75, na njia ya sentimita 45 pembeni yake. Kila tuta pamoja na njia yake linachukua mita za mraba 36, kwa hiyo robo hekta inaingiza matuta 69 hivi. (Njia peke yake zinakula zaidi ya theluthi ya eneo. Wanaotangaza mapato yao kwa mita ya mraba mara nyingi huzisahau njia, na banda la kuoshea, na mahali pa kugeuzia toroli.) Tuseme tuta moja likipandwa kabichi linashikiliwa wiki 12 tangu kupandikiza miche hadi kuvuna, na linaleta sarafu 240, weka hapo fedha yoyote utakayo. Likipandwa figili linaachiwa baada ya wiki 4 na kuleta sarafu 100. Kwa anayehesabu ardhi jibu ni rahisi: kabichi imeleta sarafu 20 kwa wiki, figili 25. Ndani ya wiki zilezile 12 figili itapandwa mara tatu na kuleta sarafu 300. Figili imeshinda.

Ingiza saa sasa. Kabichi inataka kuandaa tuta, kupandikiza, kupalilia mara mbili, kukagua viwavi na kukata vichwa. Tuseme saa 8 kwa jumla. Figili inataka kuandaa tuta, kusia mbegu, kung'oa, kuosha na kufunga mafungu, na kazi hiyo ya mafungu ndiyo inayomeza muda, kwa hiyo tuseme nayo ni saa 8. Ila saa 8 za figili ni za kila mkupuo, na mikupuo ni mitatu, yaani saa 24. Kabichi imelipa sarafu 30 kwa kila saa, figili imelipa 12 na nusu. Zile sarafu 60 ambazo figili iliizidi kabichi zimegharimu saa 16 za ziada, chini ya sarafu 4 kwa saa. Kibarua wa bei hiyo hapatikani. Asipopatikana, kibarua ni wewe.

Tarakimu hizo ni za mfano, na kila shamba litapata zake. Sisemi figili ing'olewe katika mpango. Inaleta fedha mapema wakati mazao ya muda mrefu bado machanga, inapendezesha meza ya mauzo, na mteja aliyekuja kwa ajili yake huondoka na vingine. Ninalosema ni kwamba mkulima anapaswa kujua kuwa amempa mteja saa zake kwa bei ya kutupa, na aamue kama anataka kuendelea. Wengi hawajui, kwa sababu daftari lao lina safu ya kilo na safu ya fedha, lakini safu ya muda haimo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, ila limeandikwa nusu.

Kwa nini saa ziwe suala la kilimo hai zaidi ya kilimo kingine? Jibu ni magugu. Mkulima wa kawaida ana kiuagugu. Ananyunyiza eneo zima kabla ya chakula cha mchana. Wa kilimo hai ana jembe, moto, matandazo, turubai na vidole vyake. Wadudu ndio wanaosemwa sana, na kwa kweli wana dawa zao zinazokubalika: neti nyepesi juu ya matuta, maadui wao wa asili, au bakteria wa Bacillus thuringiensis wanaoua viwavi, ambao wanasayansi wanawafahamu tangu mwaka 1901. Kwa magugu hakuna chupa ya namna hiyo. Ndiyo maana nikitaka kujua kama shamba la kilimo hai lina faida, ningeangalia kwanza karoti zake.

Karoti hufichua siri za mkulima. Mbegu yake inaweza kuchukua wiki moja hadi tatu kuchomoza, na ikichomoza ina majani membamba yasiyofunika udongo. Magugu hayasubiri. Katika tuta lililosiwa bila maandalizi, mkulima atapiga magoti na kung'oa kimoja kimoja, akitenganisha uzi wa karoti na uzi wa gugu, na tuta moja litammalizia siku. Hakuna bei ya karoti inayolipa siku hiyo.

Jirani yake anaweza kuandaa tuta lilelile mapema, akalimwagilia kana kwamba amesia, kisha akaliacha siku 10 hadi 14. Magugu yaliyo juu juu yataota yote kwa pamoja. Anayaparura yakiwa bado nyuzi nyeupe, bila kuchimba zaidi ya sentimita 2, maana akichimba zaidi ataleta juu mbegu mpya zilizokuwa zimelala. Ndipo anasia. Akiwa na kifaa cha moto anaweza kupitisha tena baada ya kusia, kabla karoti haijatoka. Wazoefu huweka kipande cha kioo juu ya sehemu ndogo ya tuta, joto la chini yake linawahisha karoti za hapo, na zikionekana tu wanajua kuwa za nje ya kioo zimebakiza siku chache, basi wanachoma juu ya tuta. Au anatandaza turubai jeusi kwa wiki nne; mbegu zinaota gizani na kufa zikitafuta mwanga. Njia zote hizi zinahitaji tuta likae bila zao kwa wiki kadhaa. Anayeabudu ardhi hatakubali: wiki mbili tupu! Anayehesabu saa atakubali mara moja, kwa sababu ametoa wiki mbili za udongo, ambazo hazidai mshahara, akaokoa siku nzima ya mtu.

Palizi pia ni mtaji wa miaka ijayo, jambo ambalo daftari la msimu mmoja halilioni. Mchicha pori mmoja ulioachwa ukakomaa pembeni mwa shamba unaweza kuangusha mbegu zaidi ya 100,000, na baadhi zitakaa hai udongoni miaka kadhaa. Dakika chache za kuung'oa kabla haujatoa mbegu ni saa bora kuliko zote za mwaka, lakini hakuna mavuno yanayozionyesha, kwa hiyo ndizo za kwanza kuahirishwa kazi zikizidi. Samadi isiyoiva nayo huleta mbegu za magugu bure. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai mboji ya samadi iliyolundikwa na kugeuzwa ikae kwenye joto la nyuzi 55 hadi 77 za Selsiasi kwa siku 15, igeuzwe angalau mara 5; samadi mbichi lazima ifukiwe siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa mengine. Kanuni hizo ziliwekwa kwa ajili ya afya ya mlaji. Joto lile, hata hivyo, linaua na mbegu nyingi za magugu, na kwa mkulima faida hiyo pekee ingetosha.

Baada ya magugu, kinachomeza muda ni kazi ya tangu kuvuna hadi kupakia. Kwa mazao ya majani na ya mafungu, kuvuna, kuosha, kufunga na kupanga huweza kuchukua saa nyingi kuliko kupanda na kupalilia kwa pamoja. Nusu ya ufumbuzi ni mambo yasiyopendeza kwenye picha: meza ya kuoshea iwe ya kimo cha kiuno, banda liwe katikati ya shamba badala ya kona, kreti zilezile za shambani ndizo ziende sokoni. Saladi ivunwe alfajiri kabla ya jua kuipasha, ipozwe haraka. Majani hupenda baridi inayokaribia nyuzi sifuri, nyanya na matango huharibika chini ya nyuzi 10 hivi, kwa hiyo chumba kimoja cha baridi hakiwezi kuzitunza zote vizuri. Hayo ni ya useremala na mpangilio, kila mtu atayatatua kwake.

Twende kwenye bei, maana kila ninapotoa hoja ya saa hujibiwa kuwa mboga za kilimo hai zina bei kubwa, na bei itafuta yote. Uchambuzi mpana ninaoufahamu wa jambo hili ni wa David Crowder na John Reganold, uliotoka mwaka 2015 katika jarida la chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani, PNAS. Walikusanya tafiti za miaka 40 kuhusu mazao 55 katika mabara matano. Kwa bei za kilimo hai zilizokuwapo, faida ilizidi ile ya kilimo cha kawaida kwa asilimia 22 hadi 35. Nyongeza hiyo ya bei ikiondolewa, kilimo hai kilianguka chini ya kile cha kawaida kwa asilimia 23 hadi 27. Na nyongeza iliyohitajika ili pande mbili zilingane ilikuwa asilimia 5 hadi 7 tu, wakati ile iliyokuwa ikilipwa sokoni ilikaribia asilimia 30.

Mashabiki wa kilimo hai husoma sehemu ya kwanza na ya tatu, wapinzani husoma ya pili. Mkulima mdogo wa mboga asome zote tatu kwa tahadhari. Gharama ya nguvu kazi katika uchambuzi huo ilizidi kwa asilimia 7 hadi 13 tu, lakini huo ni wastani unaochanganya mboga na nafaka za mashamba makubwa yenye trekta. Kwenye matuta ya mkono sitarajii pengo dogo kiasi hicho. Upande wa mavuno nao una tahadhari yake: ulinganisho mwingine mkubwa, uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2012, ulikuta mavuno ya mboga za kilimo hai yakiwa chini kwa takriban theluthi moja, pengo kubwa kuliko la mazao mengi. Kwa hiyo ile asilimia 5 hadi 7 si kinga ya mwenye robo hekta. Anahitaji nyongeza kubwa zaidi, na anahitaji aipokee yeye.

Nyongeza ya bei humfikia mkulima pale mnunuzi anapojua mboga imetoka wapi. Ikiingia kwenye lori la dalali pamoja na mboga nyingine imekuwa mboga tu. Ndiyo sababu mashamba madogo ya aina hii yamejijenga juu ya mauzo ya moja kwa moja. Huko Japani, tangu miaka ya 1970, familia za mijini zilifungamana na wakulima kwa utaratibu uitwao teikei. Marekani mpango wa wateja kulipia kapu la msimu mapema ulianza mwaka 1986 kwenye mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Uzuri wa malipo ya mapema ni mkubwa: mbegu, neti na vibarua vinalipwa kabla ya mavuno, bila mkopo wenye riba.

Ubaya wake husemwa kidogo. Kapu la wiki linataka aina nane au kumi za mboga, kila wiki, bila kukosa. Aina kumi ni ratiba kumi za kusia, vipimo kumi vya nafasi, maadui wa namna kumi. Asubuhi ya soko nayo, tangu kupakia hadi kurudi, ni siku ya kazi iliyokwisha bila jembe kuguswa. Nimeona wakulima wakijisifia bei ya rejareja iliyo mara mbili ya jumla, na hawakuandika siku waliyoisimamia meza. Pengine wangeuza mazao matano kwa mpishi mmoja au wawili wenye oda za kudumu, kwa bei ya katikati, wakabaki na siku ile. Soko bora kwa mtu wa namna hii ni lile linaloacha fedha nyingi kwa kila saa ya kuuza, na hilo haliwi lazima lile lenye bei ya juu kwa kilo.

Cheti ni gharama ya subira. Marekani ardhi lazima imalize miaka mitatu bila vitu vilivyopigwa marufuku kabla zao halijavunwa na kuuzwa kwa jina la kilimo hai; Umoja wa Ulaya unadai angalau miaka miwili kabla ya kusia mazao ya msimu. Katika kipindi hicho unapalilia kama mkulima wa kilimo hai na unauza kwa bei ya kawaida, yaani ile asilimia 23 hadi 27 chini inakuhusu wewe moja kwa moja. Asiye na akiba ya kuvuka hapo asikimbilie cheti. IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai lililoundwa Versailles mwaka 1972, linautambua pia utaratibu wa wakulima na walaji kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Kwa anayeuza karibu, ambaye wateja wake wanaweza kuja kuona matuta, unatosha mara nyingi, ingawa nao una mikutano na ziara zake.

Sasa turudi kwenye ardhi, kwa sababu ibada ya kubana eneo ina historia yake. Mfano unaorudiwa sana ni wa wakulima wa mboga wa Paris katika karne ya 19, waliovuna kwenye viunga vidogo karibu mwaka mzima, wakitumia vioo vya kufunikia miche na matuta yaliyopashwa moto na samadi. Walikuwa mafundi kwelikweli. Lakini samadi ile ilitoka kwa maelfu ya farasi wa mji, na magari yalipowaondoa farasi barabarani, chanzo hicho kilikauka. Kiunga kile kidogo kilikuwa kikilishwa na mashamba yote ya nyasi na shayiri yaliyowalisha farasi. Mtu akikwambia leo amepata mavuno ya ajabu kwenye mita za mraba 1,000, muulize mboji inatoka wapi na nani anaisukuma kwenye toroli.

Kuna kero nyingine katika mboji inayonunuliwa. Mkulima anaimwaga kwa wingi akitafuta nitrojeni, ambayo katika mboji hutoka polepole, na mwaka wa kwanza hutoka kidogo tu. Fosforasi inakuja nayo kwa kiasi kinachozidi mahitaji ya mboga. Mwaka hadi mwaka fosforasi inarundikana, na mimea bado inaonekana ina njaa. Ametumia fedha, ametumia mgongo, na udongo umeanza kupoteza uwiano.

Kwa hiyo ushauri wangu utawaudhi wanaohubiri tuta lisikae tupu. Mwenye robo hekta na mikono miwili au minne, apange mboga kwenye matuta 45 kati ya yale 69, na yanayobaki ayasie mimea ya jamii ya kunde ya kufunika udongo. Ikistawi, mimea hiyo inaweza kuingiza kilo 50 hadi 150 za nitrojeni kwa hekta, kwa kuivuta hewani, bila fosforasi ya ziada na bila toroli. Kivuli chake kinazima magugu wakati mkulima yuko kwingine. Anayelima mita za mraba mia chache nyuma ya nyumba, na muda anao, hili halimhusu. Huyo kweli ardhi ndiyo inayombana, na figili zake ni halali yake.

Kazi inayobaki kwenye matuta hayo ni ya kuangalia tarehe. Mimea ikatwe inapoanza kuchanua, kabla haijafunga mbegu, ilazwe palepale, imwagiliwe kama udongo ni mkavu, ifunikwe na turubai jeusi lililokandamizwa mifuko ya mchanga pembeni. Wiki nne hadi sita, kutegemea joto, masalia yatakuwa yamelainika kiasi cha kupandikizia. Kabichi ndiyo ya kutangulia hapo, kwa kuwa inakula nitrojeni nyingi na miche yake mikubwa haisumbuliwi na vijiti vilivyobaki juu. Karoti isubiri hadi masalia yaoze kabisa na tuta liwe laini.